Ndevu za Madame Domitille

Tangu arudi kutoka Uhindi, Domitille aliamka kabla ya watu wote wa nyumba yake. Mama mkwe wake, aliyelala chumba cha pili, alidhani anaamka kusali, akamsifu mbele ya wanawake wa parokia. Domitille hakumkatalia. Angemwambiaje mkwe kwamba anaamka kunyoa ndevu?

Alijifungia katika chumba cha kuogea, akaegemeza kioo kidogo dirishani, akapaka povu la sabuni kidevuni na juu ya mdomo, akaanza kupitisha wembe. Nywele zilikuja mara ya kwanza miezi mitatu baada ya upasuaji, laini kama manyoya ya kifaranga, na yeye mwenyewe alizicheka. Kisha zikakaza. Zilishuka mbele ya masikio, zikafuata taya, zikakutana chini ya kidevu kama za kijana aliyebalehe juzi. Nyingine ziliota mikononi na mgongoni, na nyingine kwenye paji la uso karibu na nyusi, mahali ambapo hakuthubutu kuweka wembe. Uso wenyewe ulikuwa umevimba ukawa mviringo, na fizi zilinona hadi zikaanza kufunika meno, kwa hiyo alijizoeza kucheka mdomo ukiwa umefumbwa. Akishanyoa alisuuza wembe, akaokota nywele sakafuni, akajifunga kitambaa cha kichwa kikashuka karibu na macho. Ilipofika saa moja kamili alimeza dawa zake. Aina tatu asubuhi, aina mbili jioni saa moja vilevile, bila kukosa, maisha yake yote. Ndivyo madaktari walivyosema: maisha yake yote.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na kwa miaka kumi na saba alikuwa akifundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi ya mtaa wa Mbunya, mjini Bunia. Watu walimjua kwa mwandiko wake. Herufi zake zilisimama ubaoni sawasawa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, na wazazi waliokuja kulalamika walijikuta wamesimama mlangoni wanatazama ubao, hasira imewatoka. Kisha shinikizo la damu likamla figo zote mbili bila yeye kujua. Alipokuja kujua, miguu ilikuwa imevimba, kila chakula kilikuwa na ladha ya chuma, na daktari alikuwa anamwambia mumewe Baudouin, si yeye, kwamba lazima wavuke mpaka waende Kampala kwenye mashine ya kusafisha damu.

Alikaa Kampala miezi saba. Baudouin, aliyekuwa na lori lake mwenyewe la kwenda Mahagi, aliliuza lile lori, akawa dereva wa malori ya wengine. Na Anselme, mdogo wake Domitille, mkulima wa Aveba ambaye hakuwa amelala hospitalini hata siku moja maishani mwake, alipanda gari la mizigo, akashuka Kampala na viatu vyake vya shamba, akasema apimwe yeye. Damu zao zikapatana. Huko Uhindi walilazwa chumba kimoja, wote wawili wamepasuliwa: Anselme ubavuni, Domitille chini ya tumbo upande wa kuume, mahali ambapo mpaka leo akibonyeza kwa vidole anaisikia ile figo, ngumu kidogo, imelala karibu kabisa na ngozi.

Siku ya kuruhusiwa, daktari wa kule alimweleza habari za dawa, na mkalimani, mwanamke wa Kinshasa aliyekuwa na wagonjwa wengine wanne wanaomsubiri, akatafsiri haraka haraka. Mwili una askari wake. Dawa hizi zinawalaza wale askari wasije wakaipiga figo ya mtu mwingine. Ukiziacha, wataamka. Na mojawapo inaweza kuleta nywele kidogo usoni. Neno hilo "kidogo" Domitille alilikumbuka baadaye mara nyingi.

Walimu wenzake waliona kwanza, wakanyamaza kwa heshima. Wanafunzi waliona pili, na wao hawakunyamaza. Darasani walikuwa sabini na wawili, karibu nusu yao wa familia zilizokimbia vita vya Djugu, watoto waliokwisha kuona mambo mazito kuliko ndevu za mwalimu. Lakini mtoto ni mtoto. Kuanzia saa tano za asubuhi, nywele zilipoanza kuchomoza tena na jua la dirishani likampiga shavuni, mnong'ono ulitoka mabenchi ya nyuma, ukatembea mpaka mbele. Asubuhi moja alikuta ubao umeandikwa kwa chaki: Monsieur Domitille. Mwandiko ulikuwa mzuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufundisha.

Alifuta, akageuka, akawaambia wafungue daftari za hesabu.

Mji nao ulikuwa umekwisha kupata maelezo yake. Aliyemletea Domitille ni Suzanne, mwanakwaya mwenzake, mwanamke mwema ambaye hakuweza kukaa na neno tumboni. Alimvuta kando baada ya misa, akamshika mkono.

"Domi, nakuambia juu weye ni rafiki yangu. Batu banasema walikupatia figo ya mwanaume, njo maana unaota ndevu. Banasema unageuka."

Domitille alimweleza taratibu kwamba ni dawa, kwamba hata angepewa figo ya mtoto wa kike nywele zingeota vilevile. Suzanne aliitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu aliyekwisha kuchagua la kuamini. Toka siku hiyo Domitille alijua kinachosemwa akipita bulivadi, barabara kubwa ya mji: kwamba sauti yake imekuwa nzito, kwamba mumewe amehama chumba, kwamba anakojoa amesimama. Hakuwa na nguvu za kukanusha. Kuwa mgonjwa ni kazi, na kueleza ugonjwa kwa watu wasiouliza ni kazi ya pili. Alikuwa amechoka na ile ya kwanza.

Baudouin hakusema neno lolote kuhusu ndevu. Alikaa safarini siku tano, sita, akarudi na vumbi la Mahagi kwenye kope, akala, akauliza habari za vipimo, akalala. Mara moja tu aliporudi aliweka mezani pakiti ya nyembe mpya, nyembe nzuri za mpini, pamoja na sabuni ya kunyolea ya wanaume, akatoka kwenda kuoga. Domitille alizitazama muda mrefu. Hakujua kama ni huruma au ni lalamiko, na hakuuliza.

Jambo lililomuuma zaidi lilitoka kwa Plamedi, binti yake mdogo wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa katika darasa lake mwenyewe. Katikati ya mwaka mtoto alimfuata baba yake, akaomba ahamishiwe shule nyingine, ya upande wa pili wa mji, kwa sababu eti rafiki yake anasoma huko. Rafiki huyo hakuna aliyewahi kumwona. Baba alikubali, Domitille akatia sahihi karatasi. Hakumuuliza mtoto kitu. Angemuuliza, angejibiwa, na jibu alilijua.

Mwezi wa saba ndipo ilipopangwa sherehe ya mahari ya Tina, binti mkubwa. Mchumba, Fabrice, alikuwa wa familia ya wafanyabiashara wa Mahagi, watu wengi na wenye kupenda picha. Kwa desturi mama wa binti hakai jikoni siku hiyo. Anatoka nje mbele ya wageni, anakumbatiwa na mama wa kijana shavu kwa shavu, anakaa kwenye kiti cha mbele, anapigwa picha ambazo wajukuu watakuja kuzitazama. Tina hakumwambia mama yake neno baya. Alimwonyesha tu kwenye simu namna ya kufunga kitambaa, kitambaa kikubwa kinachoshuka mashavuni na kupita chini ya kidevu. Akasema hii itamupendeza mama.

Domitille akajibu kwamba ni nzuri.

Kesho yake asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi na tisa, alitoa dawa zake kama kawaida, akameza mbili, akaiacha ya tatu. Kilikuwa kile kidonge cha kijivu, kinene, chenye harufu ya pombe iliyolala. Hiyo ndiyo yenye nywele; alikuwa amesoma karatasi yake mara nyingi mpaka mikunjo ikachanika. Hakutaka kufa. Alikuwa na hesabu yake: dawa nyingine mbili zinabaki kulinda figo, siku hizi ni chache, nywele zitapungua, sherehe itapita, ataanza tena. Hesabu za mwalimu, safi kabisa, isipokuwa jambo moja ambalo karatasi haikuandika: nywele zilizoota kwa miezi haziondoki kwa majuma mawili wala matatu.

Siku za kwanza alijisikia vizuri kuliko wakati wowote. Mtetemeko mdogo wa vidole ulipungua, fizi zikaacha kuwaka. Kila alfajiri alisogea kwenye kioo akihesabu ushindi wake, na kila alfajiri kidevu kilikuwa kilekile. Siku ya kumi na tatu mkojo ulikuwa mdogo na mweusi. Siku ya kumi na tano mahali pale chini ya tumbo palianza kuuma kama jipu. Alijua. Mtu aliyekwisha kufa figo mara moja hahitaji kuambiwa. Lakini alikuwa amekwenda mbali, na waalikwa walikuwa njiani, na alichoka hata kuogopa. Akajiambia baada ya sherehe.

Jumamosi ya sherehe walikuja watu karibu arobaini. Domitille alinyoa mara mbili, akapaka poda, akafunga kitambaa kama cha kwenye simu. Viatu vilikataa miguu, akavaa sandali za mama mkwe. Mama wa Fabrice alimkumbatia shavu kwa shavu na hakusema kitu, na mtu wa picha akapiga. Anselme alikuwa amefika tangu asubuhi kutoka Aveba na kuku wanne kwenye tenga, kwa sababu yeye ni mjomba wa binti na mbuzi wa mjomba, anayetolewa katika mahari, ni haki yake. Alikaa kinyume na dada yake. Wasemaji wa pande mbili walipokuwa wakirushiana mafumbo na watu wakicheka, yeye hakucheka. Alikuwa anatazama miguu ya dada yake chini ya meza.

Domitille aliinuka kana kwamba anakwenda kuangalia chakula, akazunguka nyumba, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa karibu na mawe ya jiko. Alitapika mara moja, maji tu. Anselme alikuwa amemfuata. Aliweka kiganja shingoni mwa dada yake.

"Yaya, uko na homa. Dawa unameza?"

Anselme alichuchumaa mbele yake, akauliza tena, polepole zaidi, na Domitille akamwambia siku ngapi. Kumi na tisa. Aliona uso wa mdogo wake ukifunga, kama mlango unavyofungwa na mtu asiyetaka kuupiga. Hakumfokea. Alitoka njiani, akasimamisha moto, pikipiki ya kukodi, akamkalisha katikati, yeye akapanda nyuma na kumshika, wakaenda hospitalini watatu juu ya pikipiki moja, Domitille amevaa kitenge cha sherehe na shanga shingoni. Nyuma yao msemaji alikuwa ndiyo kwanza anamwita mjomba aje aonyeshwe mbuzi wake.

Dokta Camille, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifuata vipimo vyake tangu arudi, aliuliza swali lilelile na kupata jibu lilelile. Naye hakufoka. Labda ingekuwa afadhali angefoka. Aliandika, akatoka kumpigia simu daktari mwenzake wa Kampala, akarudi. Askari wameamka, alisema. Watamwekea dripu ya dawa kali siku tatu. Mkojo ukirudi, tumshukuru Mungu. Usiporudi, ni Kampala tena, kwenye mashine, na figo ya pili hakuna wa kuitoa.

Anselme alibaki. Alikataa kurudi kwenye sherehe, akakataa kwenda kulala kwa shemeji. Siku ya pili mchana, dripu ikishuka tone kwa tone na wagonjwa wengine wamelala kwa joto, Domitille alimweleza yote bila kuulizwa: ubao, Suzanne, shule ya Plamedi, kitambaa cha Tina. Alizungumza akitazama ukuta. Anselme alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti.

Akasema na yeye ana lake. Huko Aveba, tangu arudi, wanaume wenzake wanasema amebaki nusu. Akipumzika kidogo shambani, wanatazamana. Walimuuliza mke wake, Charlotte, mbele ya watu kisimani, kama mumewe bado ni mume. Mzee mmoja alimwambia wazi kwamba nguvu zake za kiume alizipeleka Bunia, na ushahidi uko kwenye kidevu cha dada yake, kila mtu ameuona. Aliacha kwenda wanakokunywa pombe jioni. Mwaka mzima anakunywa peke yake nyumbani.

"Na haukuniambia juu ya nini?" Domitille aliuliza.

"Ungesikia aibu. Weye ukisikia aibu, haulalake. Nikaona ile figo itaharibika."

Domitille alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka mdomo wazi, fizi zote nje, mpaka sindano ikamchoma mkononi. Anselme naye alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Sikiya, yaya. Bakucheke, banicheke, sawa. Lakini kuiacha ife juu ya manyoya, ile haki hauna. Haiko figo yako peke yako. Tuko nayo siye babili."

Domitille aliomba msamaha. Anselme hakusema amesamehe. Alisema anakwenda kutafuta chai, akakaa huko nje muda mrefu kuliko chai inavyochemka.

Siku ya tatu jioni mkojo ulirudi, kidogo, kisha wa kutosha. Figo ilibaki, ila si nzima. Dokta Camille alichora kwenye karatasi: hapa ndipo ulipokuwa, hapa ndipo ulipo, na pale palipopotea hatutapapata tena. Halafu akamwambia kwamba Kampala wameamua kubadili kile kidonge cha kijivu. Dawa mpya ni kali zaidi. Nywele zitaondoka, lakini taratibu, miezi minne au mitano. Mikono itatetemeka kuliko zamani. Tumbo nalo linaweza kuharisha, bila kutoa taarifa.

Domitille alifumba macho. Alisema, bila ukali, kwamba sasa anaulizwa achague aibu gani.

"Hauulizwe, Madame," daktari akamjibu. "Siye tunachagua. Weye unameza tu."

Baudouin, ambaye mwenye lori hakumpa ruhusa hata siku ya mahari, ndugu zake wakapokea badala yake, alikuwa njiani na mzigo alipopata habari, akafika hospitalini siku ya kuruhusiwa. Nyumbani, walipobaki wawili, alimuuliza kwa nini hakumwambia kwamba ndevu zinamtesa kiasi hicho. Domitille akasema yeye mwenyewe hakuwa amezitaja hata mara moja.

"Nilikuletea nyembe," Baudouin akasema.

Alionekana ameumia kweli. Kwake yeye, kuchagua zile nyembe dukani Mahagi mbele ya muuza duka, kulipa, kuzibeba siku mbili barabarani, kulikuwa ni kusema. Domitille alimtazama mume huyu aliyeishi naye miaka ishirini na mitatu. Akasema ni nyembe nzuri, hazimkati.

Mahari ilikuwa imekamilika bila wao, mbuzi wa mjomba alifungwa kwa jirani mpaka Anselme akaja kumchukua, na ndoa ya kanisa ikapangwa mwisho wa mwezi wa nane. Hapo ndipo Domitille alipokutana na miezi migumu kuliko yote, kwa maana dawa mpya ilileta yake kabla ya dawa ya zamani kuondoa yake. Ndevu zilikuwepo bado. Mikono ilitetemeka hata kijiko cha sombe kikafika mdomoni nusu. Alijaribu kuandika tarehe kwenye karatasi, herufi zikaanguka huku na huku, akaikunja ile karatasi akaitia motoni.

Asubuhi ya ndoa alijifungia bafuni kama siku zote. Alijikata chini ya kidevu, kisha karibu na mdomo. Damu ilidondoka kwenye gauni la ndani. Aliketi kwenye kiti cha kuogea, wembe mkononi, mkono unaruka wenyewe kama mkia wa mjusi, na akaona kwamba hawezi tena hata kujificha. Mlango ulibishwa. Plamedi alitaka kuoga. Domitille akafungua komeo.

Mtoto alisimama akatazama povu, damu, wembe. Yalikuwa mambo aliyokuwa ameyakimbia mpaka upande wa pili wa mji. Kisha aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akauchukua wembe.

"Usiongee, mama. Nitakukata."

Alinyoa kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama alivyofanya zamani akijifunza kuandika. Mkono mmoja ulishika taya la mama lisicheze. Aliuliza mara moja kama inauma, Domitille akatikisa kidole kwamba hapana. Alipomaliza alifuta povu kwa taulo, akabandika vipande vidogo vya karatasi kwenye michubuko, akasema maji yanapoa, aoge upesi, watachelewa kanisani. Hakuomba msamaha, wala Domitille hakuutaka. Hakurudi shule ya zamani pia. Ila kila Jumapili, mpaka karibu na Noeli nywele zilipokwisha, alibisha mlango bila kuitwa.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa tisa Domitille alimwomba mkurugenzi wa shule ampe chumba cha mwisho, kile kilicho karibu na vyoo. Mkurugenzi alifahamu au hakufahamu, akampa. Ubaoni aliandika sasa kwa herufi kubwa kubwa, maneno machache, na chaki ilivunjika mara nyingi. Majuma sita yalipita. Tumbo lilimpa taarifa ndogo, hatua kumi na tano, naye alijua hesabu ya hatua hizo.

Kisha ikafika Jumanne moja, katikati ya imla, ambapo hakupewa taarifa yoyote. Alikuwa katika sentensi ya tatu. Alisimama mahali alipo, akavua sweta, akajifunga kiunoni. Watoto wa mbele walikuwa wamekwisha kusikia harufu. Akawaambia wafunge daftari, waende nyumbani mapema, na akangoja mpaka wa mwisho atoke ndipo akasogea. Alikwenda nyumbani kwa miguu, kwa njia za nyuma, asipande moto ya mtu. Alifua, akaoga, akalala kitandani mchana kutwa akitazama bati. Saa moja jioni alimeza dawa.

Alifikiria kuacha kazi. Alifikiria kwa utulivu, kama mtu anayefikiria kuhama nyumba inayovuja. Lakini kesho yake saa moja asubuhi alimeza tena, akavaa, akaenda, kwa sababu kukaa kitandani kulimchosha zaidi.

Walikuwa wameketi kimya alipoingia, kimya kile kibaya. Hakuita majina. Alisimama mbele ya meza, akashika ukingo wake mikono isionekane inavyocheza, halafu akaiachia, ikacheza. Akawaambia kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha darasani, kwamba tumboni mwake kuna figo ya mdogo wake. Kwamba ili ibaki anameza dawa, na dawa hizo mwaka jana zilimwotesha ndevu, mwaka huu zinamtetemesha na kumharisha. Jana ilikuwa dawa. Inaweza kurudi siku nyingine. Ikirudi, watatoka nje kama jana, bila mbio, na yule wa mwisho afunge mlango.

Wawili au watatu walicheka, mikono mdomoni. Hakuwakemea. Msichana mmoja wa benchi la pili, Adeline, mtoto wa waliokimbia Djugu, mwembamba na mwenye sauti ndogo, aliinua mkono. Aliuliza kama yule mdogo wake Madame, aliyebaki na figo moja, bado anakojoa.

"Anakojoa," Domitille akasema. "Sana."

Darasa lote lilicheka, na yeye pia, akasahau kufumba mdomo. Kicheko kilipokwisha alihisi amechoka, kama mtu aliyebeba maji kutoka mbali, na bado ilikuwa saa mbili tu asubuhi. Aliketi, jambo ambalo zamani hakulifanya mbele ya darasa. Akafungua kitabu cha imla, akatafuta kwa kidole pale walipoishia, akasoma sentensi ya nne.